Mtambo wa Baba kwa Nusu Kipimo

Kitengela,
9 Machi 1997

Dada yangu Kamene,

Salamu zikufikie huko Illasit, wewe na kila aliye chini ya paa lako. Huku tuko, ila vumbi limetuzidi. Karakana yangu inatazama barabara ya Namanga, na kila lori likipita nasaga mchanga kwa meno mpaka saa ya chai. Gathoni mke wangu ni mzima. Anasema ile mbegu ya maharagwe uliyompa ilimea yote, hata iliyomdondoka njiani. Kijana wetu Musila amepata kazi kiwandani kule Athi River, kwenye zile suruali za kupelekwa ng'ambo. Nilimfundisha useremala miaka sita, na sasa anashona mfuko wa nyuma wa kushoto kutwa nzima. Wa kulia una mtu wake. Nilipocheka alinuna, basi siku hizi nacheka nikiwa peke yangu.

Nina jambo, dada, na nimelizunguka wiki nzima kabla ya kushika kalamu. Ile skrubu ya mti bado iko? Nasema ile ya mtambo wa kupiga chapa wa misheni. Nilipokuja kwa mazishi ya shemeji, miaka mitano iliyopita, niliiona imeegeshwa nyuma ya mlango wa chumba cha Baba, nikajifanya sikuiona.

Naunda mtambo ule upya, kwa nusu ya kipimo chake. Utakuwa wote wa mbao, na utapiga chapa kweli, si pambo la kuweka juu ya kabati. Nguzo zake mbili nazikumbuka, na boriti ya juu, na kile kitanda ambapo herufi zililazwa, na ule ubao mzito ulioshuka kuikandamiza karatasi. Mikono yangu ndiyo iliyovitenganisha, nayo haijasahau. Skrubu tu ndiyo inanishinda. Sijui ina mizunguko mingapi wala inashuka kwa mwinamo gani, na bila hiyo nitakuwa nimetengeneza fremu ya mlango.

Naomba unipimie. Usimwambie Baba, na usiniulize sababu.

Kaka yako,
Masila


Illasit,
20 Aprili 1997

Kaka Masila,

Barua yako imenikuta nasahihisha mitihani, nikaiacha mitihani. Sisi hatujambo. Mvua imekuja kwa wakati, na upande wa Kimana wanapanda vitunguu hadi kwenye vizingiti vya nyumba. Binti yangu Kalekye amejifungua mtoto wa kike, salama. Baba anakula vizuri. Asubuhi anakaa nje upande wa jua na kuniuliza kama Kilimanjaro imefunuliwa.

Unasema nisikuulize sababu. Mimi ni mwalimu wa hesabu, Masila, sababu ndiyo inayonilisha. Lakini hii sihitaji kukuuliza, maana naijua, na nitaiandika kwa sababu haijawahi kuandikwa na yeyote kati yetu.

Mwaka wa sitini na moja, ile njaa ya ndeke, chakula kilipodondoshwa na ndege, Baba alikuwa amelala na malaria na Mama alikuwa anachemsha majani. Wewe ulikuwa na miaka ishirini. Uliingia banda la misheni ukaupasua mtambo ambao Baba alipangia herufi maisha yake yote, mtambo aliokuwa bado anaupaka mafuta kila Jumamosi ingawa misheni ilikuwa imeshaleta mashine ya chuma. Boriti zile ulizichonga twiga na vifaru, skrubu peke yake ukaiacha, ukaenda kuwauzia watalii Nairobi, ukarudi na unga. Tulikula sote. Baba pia alikula, bila kujua anakula nini. Wazungu wa misheni waliporudi waliona ufunguo wa banda ni wa Baba, kwa hivyo mwizi akawa Baba. Hakukutaja kwao, ila nyumbani alikufukuza. Alipoteza kazi, akapoteza kiti chake cha mzee wa kanisa, na tangu siku hiyo hajalitamka jina lako. Hata tulipomzika Mama alinituma mimi nikuambie ushike jembe, na wewe ulikuwa umesimama hatua mbili kutoka kwake.

Kwake wewe ni "yule wa Kitengela." Sijui kama kitu cha mbao kinaweza kubadilisha hilo. Naogopa utachoka bure, nami naogopa zaidi kwamba utaumia.

Hata hivyo nimeipima skrubu yako, Baba akiwa nje kwenye jua. Nimegawanya kila kipimo kwa mbili na kuchora mizunguko yote kwa penseli laini kwenye karatasi hii nyembamba. Ukiizungushia gogo lako, mistari itakutana yenyewe mwanzo na mwisho. Nimehakikisha mara tatu.

Dada yako,
Kamene


Kitengela,
15 Juni 1997

Dada Kamene,

Mjukuu mpya namkaribisha kwa mikono miwili. Gathoni ameanza kumfumia sweta, na kwa jinsi anavyofuma mtoto atalivaa akifika darasa la tatu. Huku baridi imeingia. Musila sasa anashona mifuko yote miwili, wamempandisha.

Uliyoyaandika nimeyasoma mara moja, nikakunja. Yote ni kweli isipokuwa pale ulipoparuka, na umeparuka kwa ajili yako mwenyewe. Jambo hilo liache hapo hapo. Mimi silitaki.

Sasa sikiliza mambo mazuri. Nilitafuta mti wa skrubu kote. Kuni za kawaida zinapasuka ukizichonga kwa mviringo, na mbao za dukani ni za masanduku. Jirani yangu Naeku akaniona nimeshika kichwa akaniuliza nani amekufa. Nilipomweleza alinipeleka nyuma ya boma lake, na pale palikuwa na gogo la mutamaiyu, ule mzeituni wa mwitu, kavu, limelala miaka mitatu chini ya paa. "Hii ni oloirien," akasema, "sisi tunasafisha nayo kibuyu ya maziwa. Wewe unataka kuifanya msumari?" Nikamwambia ni msumari mkubwa kidogo. Alicheka mpaka mbuzi wakageuka. Gogo alinipa, na ngozi ya kondoo akanipa, ya kutengenezea vile vipira viwili vya kupakia wino. Unavikumbuka? Baba alikuwa anavigonga kimoja kwa kingine kama mtu anayekung'uta viatu.

Mchoro wako ni safi. Nimeubandika kwenye gogo upande wa penseli ukiwa chini, nikausugua kwa mgongo wa kijiko, na mistari yote ikahamia kwenye mti kama imezaliwa hapo. Ndivyo tulivyofanya katika karakana zote za kuchonga. Karatasi unaitupa, mchoro unabaki, patasi inafuata. Nimeshachonga mizunguko miwili. Ni mti mgumu, kwa siku nasogea upana wa kidole kimoja, na mabega yananikumbusha umri wangu kila asubuhi.

Swali moja. Mtambo ule ulikuwa mwekundu, ule wekundu wa udongo, na nyuzi nyeusi pembeni? Nataka rangi ile ile, ili akiuona tu autambue kabla sijasema neno. Nataka macho yake yafike kabla ya hasira yake. Bado anasoma Biblia yake mwenyewe?

Masila


Illasit,
24 Agosti 1997

Kaka Masila,

Tumemaliza kuvuna maharagwe, na mgongo wangu unalalamika. Shule imefungwa, kwa hivyo nina wakati wa kukujibu, ingawa barua yako ilipotea wiki tano ikiwa Loitokitok na hakuna anayejua ilikuwa kwa nani.

Ndiyo, ulikuwa mwekundu wa udongo. Nyuzi nyeusi sizikumbuki.

Biblia ya Baba iko kando ya kitanda chake kama siku zote.

Sielewi kwa nini usinunue bolti nene ya chuma hapo Kitengela ukamaliza wiki hii. Nafanya mzaha, usinirushie patasi. Lakini nakuuliza kwa dhati: utauleta mwenyewe? Na ukiuleta, utasema nini? Fikiria hilo, zaidi ya rangi. Rangi si kitu.

Baba alikuwa na kikohozi, kimepona. Jana aliniuliza kama barua zinazokuja ni za Kalekye. Nilisema ndiyo, Mungu anisamehe, na akasema Kalekye siku hizi anatumia bahasha zinazonuka gundi ya mbao.

Kamene


Kitengela,
28 Novemba 1997

Kamene,

Mvua. Sina habari nyingine. Inanyesha tangu Oktoba, watu wanaiita El Niño kana kwamba ni mtu wa ukoo wao, na uwanja wa karakana umekuwa ziwa. Gathoni mzima, Musila mzima. Sasa nisikilize, maana nina hasira na ni wewe umenitia.

Skrubu ilikwisha wiki iliyopita. Miezi mitano, dada! Niliikalisha kwenye nati yake, ambayo nayo niliichonga nusu mbili kuifuata mzunguko kwa mzunguko, na ikaingia bila kelele, laini kama siagi. Gathoni alitoka jikoni kuitazama, na hajawahi kutoka jikoni kutazama kitu changu. Nikausimamisha mtambo wote. Tayari nilikuwa nimeupaka rangi, mara tatu, na nimeusugua mpaka ukawa unaonyesha uso. Nikashika mkono wake nikauvuta kama Baba alivyokuwa anauvuta, kuelekea kifuani.

Ubao ukapanda juu.

Nikavuta tena kama mjinga. Ukapanda zaidi. Skrubu yangu inazunguka kinyume! Mtambo uliotengenezwa kukandamiza, wangu unakimbia karatasi. Umenichorea mchoro wa kinyume, wewe na hesabu zako za kuhakikisha mara tatu. Gogo jingine sina, na Naeku hana, na hata lingekuwepo mbichi lingetaka miaka ya kukauka, na Baba ana miaka themanini na tano. Nina wakati gani mimi? Niambie wewe unayejua hesabu.

Gathoni anasema nilioa mbao na sasa mbao zimenipa talaka. Sikucheka.

M.


Illasit,
11 Januari 1998

Kaka yangu,

Barua yako ya Novemba nimeipata jana. Barabara ya Emali imekatika mahali pawili, na malori ya nyanya yamekwama Kimana na mzigo unaoza. Sijui hii yangu itakufikia lini. Sisi tuko hai, choo kimebomoka, mengine yamesimama.

Nilipoisoma sikukujibu kwa hasira, ingawa nilikuwa nayo ya kutosha. Nilichukua nakala ya mchoro wangu, maana mwalimu hatoi kazi bila kubaki na nakala, nikaizungushia mti wa kusukumia chapati. Nikautazama, nikaenda nyuma ya mlango wa Baba nikaitazama ile skrubu ya zamani. Zinafanana, mistari inapanda upande mmoja. Kisha nikaugeuza mchoro, penseli chini, kama ulivyonieleza mwenyewe kwa majivuno mwezi wa Juni. Ikapanda upande wa pili.

Uliubandika uso chini, Masila. Ndivyo mnavyofanya na twiga, na twiga akitazama kushoto au kulia ni twiga yule yule, mtalii hatajua. Skrubu si twiga. Na wewe ni mtoto wa mtu aliyeishi kwa kugeuza herufi! Nilicheka mpaka nikalia, na nilipokwisha kucheka nikaendelea kulia, kwa sababu kuna kitu nilipaswa kukuambia tangu barua ya kwanza.

Baba haoni. Jicho la kulia lilikwenda mwaka wa tisini na nne, la kushoto likafuata mwaka juzi. Ananiuliza kama mlima umefunuliwa kwa sababu hawezi kuutazama. Biblia iko kando ya kitanda na mimi ndiye ninayeisoma. Rangi yako hataiona. Wala uso wako.

Alinikataza nisikuambie. Alisema, "Yule wa Kitengela asijue. Atakuja kunihurumia, na mimi sitaki huruma yake." Nikanyamaza kwa heshima yake. Baadaye wewe ukaanza kuandika habari za wekundu wa udongo, na nikanyamaza kwa sababu ya uoga. Kila nilipotaka kuandika nilikuona umeinama na brashi. Nimekukosea, naomba unisamehe.

Kamene


Kitengela,
10 Mei 1998

Dada Kamene,

Barua yako ilifika mwanzo wa Februari. Niliiweka mfukoni na kutembea nayo. Gathoni aliniuliza imeandikwa nini, nikasema habari za choo.

Sikuwa na hasira na wewe. Nilikuwa nimeketi miezi kumi nikiona uso wa Baba ukiuona mtambo, na picha hiyo ndiyo iliyokuwa inanishikia patasi. Ilipoondoka mikono ikaanguka. Wiki mbili sikufungua karakana. Watu wakaja kuulizia viti vyao, nikasema fundi hayuko.

Siku moja Naeku alipita na kuniletea maziwa. Akaingia ndani bila kuniuliza, akafumba macho, akaupapasa mtambo toka chini hadi juu. Sijui nani alimwambia, nadhani Gathoni aliitoa barua mfukoni mwangu akaisoma, na mdomo wake ni mrefu kuliko kibaraza chetu. Akasema, "Rangi inateleza. Mtu hawezi kujua hii ni mti gani."

Basi nimeikwangua rangi yote. Nimelisugua kila jiti mpaka likawa linasema lenyewe: nguzo ni mvule, kitanda ni msonobari, skrubu ni mutamaiyu na harufu yake bado iko. Kwenye boriti ya juu nilikuwa nimeandika jina la Baba kwa brashi. Nimelichonga, limesimama nje ya mti, MBALUKA. Skrubu imebaki ya kushoto, hakuna namna, lakini nimeuhamisha mkono upande wa pili wa mtambo. Mtu akisimama huko akavuta kuelekea kifuani, ubao unashuka. Nimejaribu na inafanya kazi. Yeye hajui upande, haoni, usimwambie. Acha nibaki na hilo tu.

Barabara imefunguka, kwa hivyo nautuma kwa lori la Meitamei, yule Mmaasai anayeshusha nyanya hapa na kurudi Kimana na kreti tupu. Ameniahidi atafika mpaka kwako. Umetenganishwa vipande kumi na vinne, kila kimoja nimekitia namba. Wino uko kwenye kopo la jemu, nimeuchemsha kwa masizi na mafuta ya kitani. Karatasi iwe nene, na ilowe kidogo kama shati la kupigwa pasi, usisahau.

Umeniuliza nitasema nini. Sitasema, kwa sababu siji. Nilikuwa natamani, dada, lakini kunifukuza mara moja kulinitosha. Akiuliza ni nani ametengeneza, mwambie fundi.

Masila


Illasit,
17 Mei 1998

Kaka yangu Masila,

Keti kwanza.

Meitamei alifika Alhamisi. Alishuka akaniambia, "Sopa, mwalimu, nimekuletea kitanda ya mtoto." Kalekye yuko hapa na mwanawe, amefurahi na sweta (linamfikia miguuni, mwambie Gathoni). Tuliuunganisha mtambo barazani, sisi wawili, kwa namba zako. Kumi na moja na kumi na mbili tulizibadilisha tukakutukana, kisha tukaona ni makosa yetu.

Baba alikuwa kwenye kiti chake akisikia nyundo. Tulipomaliza nilimshika mkono nikamleta, nikauweka juu ya nguzo, nikasogea nyuma.

Alianza chini. Alipapasa miguu, akapapasa kitanda, akakisukuma kikaenda na kurudi. Mkono ukapanda. Ulipofika kwenye jina lake kidole kilisimama, akalipitia mara mbili. Kisha akanyoosha mkono upande wa kulia, pale ulipokuwa ukiwekwa mkono wa mtambo, akashika hewa.

"Mkono iko wapi?"

Nikamwelekeza upande wa pili. Akakunja uso. Akaingiza ukucha kwenye mizunguko ya skrubu na kuufuata, polepole, akiuzunguka mtambo kwa hatua ndogo. Masila, hajauona mtambo miaka thelathini na saba na haoni chochote, na alijua kabla hajamaliza mzunguko mmoja.

"Hii skrubu ni ya kushoto," akasema. Na akacheka. Nilikuwa nimesahau sauti ile.

Kisha akaketi juu ya kreti ya nyanya na kicheko kikaisha. Alisema maneno ambayo nayaandika kama yalivyotoka: "Kamene, hii kitu inaniuma mpaka leo, na si mbao. Kufuli haikuvunjwa. Ufunguo ilikuwa kwa koti yangu, na koti ilikuwa imenifunika. Mimi natetemeka na malaria, na kijana yangu ananifunua, anachukua ufunguo, ananiacha na baridi. Unga ningemsamehe siku hiyo hiyo. Lakini alinifunuaje?"

Nilikuwa sijui, kaka. Miaka hii yote nilidhani ni mbao, ni kazi, ni kiti cha kanisa. Sikujua ni koti.

Nikamwambia. Nilisema, "Ni mimi, Baba. Nilikuwa nakupangusa jasho. Nikatoa ufunguo nikampa Masila dirishani, na yeye hakuingia chumbani kabisa." Ndipo pale uliposema nimeparuka. Nilikuwa na miaka kumi na saba na njaa, na baadaye nilikuwa na miaka ishirini, na thelathini, na hamsini, na kila mwaka ulifanya iwe vigumu zaidi. Wewe ulibeba mzigo wangu na hukuniuliza hata siku moja nitautua lini. Sijui namna ya kukuomba msamaha wa kitu kikubwa hivyo. Naandika tu kwamba naomba.

Aliinuka akarudi kwenye kiti chake. Chakula cha mchana na cha jioni alikula akinipa mgongo. Nilifikiri sasa amebaki bila watoto wawili.

Ijumaa asubuhi aliniita. "Nipe mkebe." Unaujua, ule wa herufi za madini ya risasi zilizochakaa, alizopewa na mzungu wa zamani, uko chini ya kitanda tangu tulipohama. Alikaa nao mbele ya mtambo wako. Alichukua herufi moja moja, akizipapasa uso na ule mfereji mdogo ulio ubavuni, unaoonyesha juu ya herufi ni wapi, nyingine anazitupa mkebeni, nyingine anazipanga. Ilimchukua asubuhi nzima, na aliyekaribia alifukuzwa. Nikapaka wino kwa vipira vya Naeku, nikailowesha karatasi, nikaiweka. Alisimama upande wako wa kushoto, akavuta.

Nilitaka kumsomea, akanikatalia. Aliichukua ile karatasi akaigeuza, upande usio na wino. Unajua jinsi mtambo unavyouma karatasi iliyolowa, herufi zinasukumwa na kutokeza nyuma. Pale nyuma zinasimama kinyume, kama zilivyo kwenye risasi, kama alivyozisoma maisha yake yote. Akapitisha kidole mstari kwa mstari. "Hapa N imelala," akasema, akairekebisha, akavuta nyingine, akaisoma tena kwa nyuma. Baba anasoma, Masila. Wewe ulidhani rangi ndiyo itakayomfikia.

Hiyo ya pili ndiyo iliyo ndani ya bahasha. Aliikunja mwenyewe.

Dada yako,
Kamene

        MASILA
        SKULUBU NI YA KUSHOTO
        NJOO TUCHONGE INGINE
        BABA


Kitengela,
26 Mei 1998

Dada Kamene,

Huku tuko wazima na jua limerudi.

Gathoni alinikuta nimekaa juu ya mbao, karatasi iko magotini, akadhani kuna msiba. Nilimpa asome. Alisoma, akanitazama, akasema, "Amekuandika jina." Halafu akaingia ndani akaanza kupiga pasi shati langu la kanisani, na ni Jumanne. Mimi nililia, sikufichi. Nililia mbele ya mteja aliyekuja kuchukua stuli yake, akaondoka bila hiyo.

Ule ufunguo uliniletea wewe dirishani, lakini mlango niliufungua mimi, na shoka lilikuwa langu. Tuligawana njaa, tugawane na hilo. Sitaki tuliandike tena.

Meitamei anapita tena Ijumaa. Nimemwambia aniachie nafasi mbele, na nyuma aniachie nafasi ya gogo. Naeku amelipata kwa shemeji yake, ni kavu, na amesema safari hii nimuulize kwanza juu ni wapi na chini ni wapi.

Ndani ya bahasha kuna kipande kidogo cha mutamaiyu, kilichobaki. Meitamei anayekuletea hii leo anajua asikipoteze. Nimekichonga NAKUJA BABA, na herufi zote nimezigeuza, mara hii kwa kusudi. Mpe mkononi. Usimsomee.

Kaka yako,
Masila